Shahada ya Biashara na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Mume wangu alikuwa mdomo wangu kwa baba yake. Kwetu Kisondela mke hakai uso kwa uso na baba wa mume wake. Nikimsikia anakohoa njiani, naacha njia naingia migombani mpaka apite. Simtaji jina, simpi chakula kwa mkono wangu, simsemeshi. Mama mkwe alinifundisha hivyo nilipoolewa, na sikuona uzito wake, kwa sababu kila nilichotaka kumwambia mzee nilimwambia mume wangu, naye akaenda kusema. Jibu lilirudi naye jioni. Alipofariki nilifiwa na mume, na siku hiyohiyo nikawa bubu mbele ya mtu ambaye ndiye angeamua mambo yangu.

Jambo kubwa lilikuwa masomo ya binti yetu. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza chuo kikuu Dar es Salaam, kwenye kitivo cha biashara. Alikuja kuzika, likizo ndefu ikamkuta hapahapa. Chuo kikifunguliwa, ama arudi, ama abaki moja kwa moja. Serikali ilikuwa imeanza kutaka wazazi tuchangie, kwa hiyo nauli yake, chakula chake na vitabu vyake vilitoka kwenye chai. Na shamba la chai lilikuwa la baba mkwe. Alikuwa amempa mwanawe alime, na mwanawe hayupo tena.

Mimi niliishia darasa la saba. Sikujua hasa mtoto anasoma nini. Mume wangu alijua zaidi kidogo, kwa kuwa alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani ya chai na alikutana na watu wa kila namna. Alipenda kuyatamka maneno yale, shahada ya biashara, polepole, kama anasubiri mshale wa mizani utulie. Matanga yalipoanuliwa, siku moja tunamenya ndizi, nikamwomba binti anieleze. Akasema mwaka wa kwanza wanasoma wote pamoja, halafu wanagawanyika. Wengine uhasibu, wengine fedha, wengine utawala. Yeye alichagua masoko.

"Soko lipi? La Tukuyu au la Mbeya?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Mama, siendi kukaa sokoni. Nasoma kwa nini lori linakuja kuchukua ndizi Kisondela na kuziacha za Ikuti. Nani amelituma, na ile bei imepangwa wapi."

"Na ukishajua?"

"Ukishajua unaweza kwenda huko inakopangwa."

Malori yale yalikuwa mageni kwetu. Zamani tulijua ushirika. Kisha biashara ikawa huria, ushirika ukalegea, wakaanza kuja watu wenye magari yao. Mwenye lori akitaja bei, sisi tunaangaliana, kisha tunapakia. Niliangalia maganda ya ndizi mapajani mwangu nikamwambia, "Utarudi chuo." Namna ya kumrudisha sikuwa nayo.

Kwanza nilimtuma shemeji, mdogo wa marehemu. Nikamwambia, "Shemeji, nifikishie neno kwa baba. Naomba niendelee kuchuma chai mpaka mtoto amalize masomo."

Akaenda. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuingia. "Baba amekataa. Amesema shamba haliuzwi. Na huyo binti, amesema amesoma vya kutosha, aolewe."

"Nani kasema kuuza?"

"Mimi nimefikisha, shemeji."

Mpaka leo sijui kama alisema vibaya kwa makusudi. Najua tu kwamba naye alikuwa na watoto na hakuwa na chai. Sikugombana naye. Ila niliona kwamba nikiendelea kutuma watu, kila mmoja atabeba neno langu pamoja na lake.

Ndipo nikakumbuka kitu. Mama mkwe, enzi za uhai wake, aliwahi kuniambia: ukibanwa kabisa na mumeo hayupo, mpe mzee mgongo, zungumza na kitu kingine. Utakuwa hujamsemesha.

Asubuhi iliyofuata nilijifunika kanga kichwani nikazunguka nyuma ya nyumba ya mzee, anapofungia ng'ombe wake. Nilimsikia anakata majani. Nikasimama nyuma ya migomba, nikageuka nikatazama bondeni. 

"Ng'ombe," nikasema, "habari za asubuhi."

Panga likanyamaza. Nikadhani ameondoka. Kisha nikasikia: "Ng'ombe wangu, leo umepata mgeni. Mwitikie basi."

"Ng'ombe, mimi sikuomba kuuza shamba la mtu. Aliyesikia hivyo alisikia vibaya. Naomba kuchuma tu, mpaka mtoto amalize chuo. Akimaliza, shamba linarudi kwa mwenyewe."

"Muulize, huko chuo anasoma nini."

"Biashara."

"Biashara! Ng'ombe, umesikia? Marehemu bibi yake kauza maziwa Tukuyu maisha yake yote, hakuisomea hata siku moja. Tena maziwa ya mama yako!"

Niliuma pindo la kanga nisicheke. "Biashara ya bibi ilikuwa ya kichwani, ng'ombe. Ya siku hizi inakuja na malori."

"Malori ni ya wenye malori."

"Ndiyo maana mtoto anasoma."

Akakata majani kidogo, akaacha. "Muulize. Akimaliza, kazi ipo?"

Swali hili nililitegemea. Majirani, hata binti mwenyewe, walikuwa wameniambia kwamba likija niseme ipo. Lakini redio ilikuwa inatangaza watu wanavyopunguzwa kazini na viwanda vinavyouzwa. Nikamfikiria mume wangu. Watu walimpelekea majani yao kwenye mizani hata wakimkuta ana hasira, kwa sababu hakuwapunja. Nisingeweza kumwombea mtoto wake kwa uongo.

"Sijui, ng'ombe," nikasema. "Nikisema ipo nitakuwa nimedanganya. Kuna wenye shahada wamerudi kwao na wanakaa tu. Huenda na wetu atakaa. Lakini baba yake alitaka amalize. Na mimi nataka amalize. Sitaacha kutaka."

Panga likaanza tena. Lilikata kwa muda mrefu, nami sikuondoka.

"Ng'ombe," akasema mwishoni, "mwambie aniletee mke wangu mchana."

Mke wake ni mjukuu wake. Babu na mjukuu wanataniana hivyo. Nilimpeleka mchana ule, mimi nikabaki jikoni kwa mzee, ukuta katikati yetu.

"Mke wangu, umenikimbia ukaenda kuolewa Dar."

"Nimerudi, babu, na wewe huna hata jino la kunichekea."

"Ninayo mawili. Kwa maziwa mgando yanatosha. Haya, nieleze hiyo biashara yenu."

Akamweleza kama alivyonieleza mimi: wa uhasibu, wa fedha, wa masoko, wa utawala. Mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Na kutokuiba kunafundishwa kwenye lipi?"

"Yote, babu."

"Basi hakufundishwi vizuri. Sisi tulikuwa na ushirika."

Wakacheka wote wawili, na mimi jikoni nikacheka. Halafu mzee akauliza kwa sauti nyingine, "Baba yako aliyaelewa haya?"

"Kidogo. Alisema nikimaliza nimfundishe."

Nikasikia kibuyu cha maziwa kinawekwa chini.  Nilikaa sakafuni jikoni kwa watu, nikajifuta uso kwa kanga, nikasubiri binti atoke.

Jibu halikuja siku ile, wala siku zilizofuata. Chuo kilikaribia kufunguliwa. Nikauza mbuzi tuliyekuwa naye ili nauli iwepo, na nikaamua kwamba mzee akikataa, nitachuma chai ya watu wengine kwa kibarua na kubeba ndizi mpaka Tukuyu. Mtoto alijaribu kuniambia kwamba anaweza kuahirisha mwaka. Nikamwambia afunge sanduku.

Asubuhi ya safari tulitoka na ukungu, sanduku likiwa kichwani kwangu. Kabla ya kufika barabara kubwa nikasikia kikohozi ninachokifahamu. Nikaingia migombani na sanduku langu. Binti alibaki njiani akijishika mbavu kwa kicheko.

Mzee alisimama. Hakuwa na ng'ombe safari hii.

"Mgomba," akasema, "mwambie huyo aliyejificha nyuma yako na sanduku kwamba chai ya kule juu imekomaa. Akitoka kumsindikiza mke wangu asikae. Majani yakipitiliza yanakuwa magumu, kwenye mizani watayakataa. Na mdogo wa marehemu nimemwambia asiiguse mpaka mtoto amalize."

"Ndaga, mgomba," nikasema. Ndiyo asante yetu. 

Binti alimaliza. Kazi haikuja haraka, sitasema ilikuja haraka. Shamba nililirudisha kama nilivyoahidi, nikaenda kumwambia ng'ombe.

Lakini siku ile, basi lilipoondoka Tukuyu, sikupita kwa mtu yeyote kupumzika. Nilirudi kwa miguu, nikavaa kapu mgongoni, nikapanda mpaka juu. Majani yalikuwa yamekomaa kweli. Nikaanza na mstari wa kwanza.