Kinu cha Koko na Karatasi ya Mlima

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Madame, ni nani alichimba mpaka katikati ya dunia, akahesabu tabaka zake?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyechimba. Tetemeko likitokea, mawimbi yake hupita ndani ya dunia; penye mwamba mgumu hukimbia, penye ulaini hupunguza mwendo, na mengine yakifika kwenye chuma kilichoyeyuka hayapiti kabisa. Wataalamu husoma yaliyochelewa na yaliyopotea, wakajua kilichomo. Nilijibu vizuri, rafiki yangu, ila moyoni niliumia, maana hayo niliyasikia kwanza kwa msichana niliyemwonea wivu kuliko mtu yeyote maishani.

Alikuwa msichana wa Kibumba, wa umri wangu. Vita vilimleta Goma na mama yake, na koko, ndivyo tulivyomwita bibi, akawapokea bila kuuliza watakaa siku ngapi. Enzi zile karibu kila nyumba mtaani ilikuwa na wageni wa vita. Tulilala kitanda kimoja. Nywele zake zilinuka moshi wa makala, makaa ya kupikia, zangu pia, lakini mimi nilisikia harufu ya zake tu.

Nyuma ya ua wetu kulikuwa na chumba kidogo chenye mashine ya kupima mitetemeko ya mlima wa volkano ulio juu ya mji: kalamu nyembamba ikichora mchana kutwa juu ya karatasi inayozunguka. Aliyeitunza tulimwita papa wa mashine, yaani baba wa mashine. Kila saa kumi alasiri karatasi ilionyesha vimistari vilivyomsumbua akili. Siku moja msichana wa Kibumba alikwenda kumwomba moto wa kuwashia mbabula, jiko letu la makaa, akaitazama ile karatasi, akasema, "Haiko tetemeko, Papa. Ni koko iko anatwanga sombe."

Kweli, saa hiyo koko hutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Papa wa mashine alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo, baada ya masomo, alimwita waisome karatasi pamoja. Jioni msichana alinieleza akipasua avoka, yaani parachichi: ganda ndiko tunakokaa, nyama ni mwamba wa moto, kokwa ni chuma. Nilikula avoka ile bila kumshukuru. Mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka chumba kile sikuwahi kuitwa.

Jumamosi moja asubuhi, koko akiwa sokoni, nilichukua kinu kitupu nikakitwanga kwa hasira mpaka viganja vikachubuka. Alasiri msichana alipoiona mistari ile akasema ni kinu. Papa wa mashine akakataa, kwa kuwa alisalimiana na koko sokoni saa ile ile. Akaja kutuuliza. Koko akaapa kwa Bikira Maria kwamba hakutwanga. Nami nikaapa. Papa wa mashine alijua kuwa akikosea, watu wangekimbia bure au wangebaki chini ya mlima unaotaka kulipuka. Hakutaka mtu wa kubahatisha, akamfungia msichana mlango.

Msichana angeweza kuomba viganja vyangu vitazamwe. Lakini mtoto wa mgeni hamshitaki mtoto wa nyumba anamokula. Mama yake alimkazia macho, naye msichana akarudi ndani. Kesho yake tukiwa njiani kuchota maji ziwani aliniambia polepole, "Nilijua ni weye. Kinu haikukuwa na sombe ndani. Mistari ilikuwa mikavu." Hata ubaya wangu aliusoma kwenye karatasi. Nikazidi kumchukia.

Baada ya miezi michache walihamia kambini Kanyaruchinya. Koko sasa hayupo, chumba cha mashine kilibomolewa, na sombe mtaani husagwa kwa motere, mashine ya kusagia. Mimi nina diploma ya jiografia na watoto hamsini wanaonisikiliza. Kanyaruchinya si mbali, unaweza kwenda kwa miguu ukarudi siku hiyohiyo. Kwa miaka yote waliyokaa kule sikwenda hata mara moja. Nilijiambia barabara si salama. Ukweli ni kwamba niliogopa kumkuta akiuza ndizi kando ya hema, na bado anajua kuliko mimi.