Birika la Mwenye Siku Chache

Mimi sijui kutulia. Hata sasa ninaandika nikiinuka kila baada ya mistari miwili, mara niangalie kama mlango umefungwa, mara niongeze maji kwenye sufuria isiyo na haja ya maji. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilipoacha pombe, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa fundi wa vinu vya posho mjini Kitale, na wenye vinu walinisifu kwa sababu nilikuwa nafika kabla yao.

Kikundi chetu kilikuwa cha walevi waliochoka. Jumamosi moja tulikutana Kitale, kwenye darasa la chekechea nyuma ya kanisa. Iliyofuata tulikutana Bungoma, katika chumba cha fundi cherehani mmoja karibu na msikiti. Kitale tulikaa kwenye viti vya watoto, watu wazima na vitambi vyao, magoti yakikaribia kidevu. Hakukuwa na daktari wala mhubiri. Kila mtu alisimama akataja siku zake tangu aonje tone la mwisho. Ukijiunga, ulileta chombo ulichokuwa ukinywea, kikachomwa au kuvunjwa uani mbele ya wote. Na mwenye siku chache kuliko wenzake ndiye aliyeshika birika na kumimina chai. Mwalimu mstaafu aliyetuongoza, mama wa maneno machache, alisema mikono inayotetemeka ipewe kazi.

Hilo la chombo nilidanganya siku ile ile niliyoingia. Changu kilikuwa mrija, ule mrefu wa kunywea busaa, pombe yetu ya nafaka, kutoka chungu cha wote, na ulikuwa wa marehemu baba. Kwetu mrija wa mzee hauchomwi kama kuni. Basi nikapitia soko la Chwele, nikanunua mwingine, nikaupaka masizi uonekane mkongwe, nikauchoma mbele yao kwa uso wa huzuni. Wakanipigia makofi. Fundi cherehani alinishika mkono akaniambia nimeonyesha uanaume. Yeye alikuwa amevunja kichupa alichokificha miaka mingi kwenye droo ya cherehani, wasimjue msikitini. Tangu hapo akawa mtu wangu. Nikizidiwa, nambip, anapiga.

Agosti ikaja, mwaka wa tohara, na zamu ikawa ya mtoto wa dada yangu. Kwetu kijana huja kwa mjomba siku moja kabla ya kisu. Mjomba huchinja, humvalisha kipande cha nyama shingoni, kisha wazee hukaa kwenye chungu kumbariki. Mjomba alikuwa mimi. Nisipotia mrija chunguni, na kijana alie kesho yake mbele ya kisu, lawama ingekuwa yangu maisha. Nikitia, karibu miezi tisa yangu ingekwisha kwa funda moja. Wiki nzima nilikuwa nafungua vinu vizima na kuvifunga tena. Kikundi hakikunikataza. Mwalimu alisema tu nisiende peke yangu, na fundi cherehani akafunga kazi, akaja nami hadi boma la baba karibu na Chwele, amebeba chupa ya chai.

Ilikuwa Jumapili. Alasiri, nilipomaliza ya nyama, baba mdogo aliniita penye chungu. Busaa ilikuwa na povu, na ile harufu, nisiseme uongo, niliipenda bado.

"Mrija ya baba yako iko wapi?" akauliza. "Ama uliikula?"

Wazee wakacheka. Nikapanda kwenye kiti, nikaushusha kutoka darini. Nyuma yangu fundi akasema kwa sauti ya chini:

"Si huo ulichoma, bana?"

Njia ya mwongo ni fupi. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikautumbukiza mrija chunguni, wazee wakingoja mashavu yangu yabonyee. Hapo nikakumbuka mchezo wetu wa utotoni: ukiziba tundu la juu kwa dole gumba, kilichoingia hakitoki. Nikaziba, nikauinua, nikauinamisha upite mlangoni, busaa ikateremkia doleni, nikaachilia nje. Busaa ikamwagika chini. Nikasema hiyo ni ya mwenye mrija, anywe kwanza, ambariki mjukuu wake. Baba mdogo akaitikia, na wenzake wakaitikia. Kijana akaondoka mbio na njuga zake, na hakuna aliyeniuliza tena.

Ningekomea hapo ningekuwa shujaa. Lakini dole lilikuwa limelowa. Nikapita zizini, nikapita migombani, nikarudi, nikaenda tena. Nyuma ya jiko nikalitia mdomoni, nikalinyonya hadi likabaki na ladha ya ngozi tu. Nilipogeuka, fundi alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Alinipa, nikakinywa chote kikiniunguza.

Kesho yake kijana alisimama imara, hakupepesa jicho. Mimi nikarudi kazini nikijitetea moyoni. Ni dole tu. Halikufika hata nusu kijiko. Nilimbip fundi mara nne wiki hiyo; alipiga kila mara, tukaongea mvua na sare za shule, na kila mara alingoja kidogo kabla ya kukata. Nilimchukia kwa kungoja kule. Angenitukana, ningepata wa kugombana naye.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Kitale, na Mwalimu alikuwa ameleta keki ya miezi yangu tisa. Birika lilikuwa kwa dereva mmoja wa lori kutoka Webuye, akimwaga nusu ya chai kwenye meza. Watu wakataja siku zao. Fundi akataja zake, akakaa, akatazama viatu vyake. Zamu yangu ilipofika, nikatoa mrija kwenye gunia, nikauweka mezani, nikasema huu ndio wa baba, ule niliochoma ulikuwa wa sokoni. Kisha nikamwendea dereva.

"Una siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi lete birika. Mimi niko na sita."

Hakuliachilia mara moja. Alimtazama Mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa zito, nikalishika kwa mikono yote miwili. Fundi ndiye wa kwanza kuninyooshea kikombe.