Saa ya Werugha Ukutani Seoul

Wakesho, kitinda mimba wetu, alikuwa anahitimu chuo kikuu huko Seoul, Korea, na uwezo wetu ulikuwa wa tiketi moja tu. Isitoshe, lazima mtu abaki na ng'ombe. Mume wangu akakubali kubaki, ila kwa sharti: jina la binti yake likiitwa, naye asikie kwa simu.

"Sherehe ni saa nne asubuhi," nikamwambia. Akaitikia.

Kutoka kwetu Werugha niliteremka mlima na sweta mbili. Kufika Voi, joto likanivua zote. Nikapanda treni ya Nairobi nikiwa nimezibeba mkononi.

Nairobi hadi Seoul ni kilomita elfu kumi na ushee, na tulibadilisha ndege Addis Ababa. Kwenye kioo mbele ya kiti changu kulikuwa na kijindege juu ya ramani. Nilikikodolea macho hadi shingo ikauma, hakisogei. Nikalala, nikaamka, nikala wali, nikalala tena. Kijindege kilikuwa pale pale, kinanitania.

Seoul, Wakesho alinipokea na koti zito. Baridi ya Werugha, niliyojivunia maisha yangu yote, ni mchezo. Tulipoingia chumbani kwake tu, simu ikalia, ni mume wangu.

"Umefika salama? Huku ni saa mbili, ndio natoka kupeleka maziwa. Kesho hiyo saa nne nitakuwa nimeoga, nimekaa na simu."

Nikashtuka. Huku jua hutangulia! Akingoja saa nne ya Werugha, sherehe itakuwa imekwisha kitambo, na mzee wa watu ameoga bure. Nikahesabu kwa vidole, vikanichanganya zaidi. Kuinua macho, naona saa ya ukutani, mshale mfupi uko kwenye mbili.

"Wakesho, hii saa umeiweka ya nyumbani?"

"Hapana Mama, ni ya huku. Saa nane mchana." Kisha naye akaikazia macho, akacheka hadi akakaa sakafuni. "Ai! Sisi huona mbili tukasema nane. Na huku wametupita kwa saa sita. Kumbe nikisoma nambari vile ilivyo, napata saa ya Werugha!"

Kesho yake, saa nne ya sherehe, mshale ungekuwa kwenye kumi.

"Baba Wakesho, ni saa kumi alfajiri," nikamwambia.

"Saa kumi? Hiyo si saa ya kukama?"

"Basi ukame na simu mfukoni."

Jina likaitwa. Nikainua simu, nikiwa nimesahau kupunguza sauti. "Wakesho wangu!" baba yake akapaza sauti ukumbini, na ng'ombe akamwitikia kwa mlio mrefu. Watu wote wakageuka. Wakesho alicheka jukwaani huku akifuta machozi. Mimi nililia tu, kwa furaha na kwa aibu.

Sasa nimerudi. Wakesho amepata kazi huko, hatakuja karibuni, na namkumbuka sana. Majirani wakiuliza kama Seoul ni mbali, nawaambia nilifika miguu imevimba. Lakini kila saa kumi alfajiri, nikishika ndoo ya maziwa, najua ukutani kwake mshale uko kwenye kumi. Mume wangu hataki hata kusikia habari za tofauti ya saa.

"Saa ni ile ile," husema. "Ni jua tu linalochelewa kwetu."