Jina Alilopewa Chepkorir

Maximilla alikuwa amepika katika shule moja ya kutwa mtaani Langas kwa miaka ishirini na mbili, na kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyethubutu kumwonyesha namna ya kushika mwiko. Alitoka Bungoma akiwa mjane mwenye mgongo wa nguvu, akaingia jikoni, akakaa. Walimu wakuu watano wamekuja na kwenda, yeye yuko.

Kusoma aliishia darasa la pili, kwa hivyo ile karatasi ya majina ya wanafunzi iliyobandikwa ukutani haikumsumbua. Watoto mia nne na zaidi, kila mmoja alimpa jina lake hapo dirishani akimpakulia. Mrefu kama nguzo ya umeme akawa Stima. Mwenye haraka, Ambulensi. Msichana anayecheka kwa sauti akawa Redio. Wao walimwita Shosh, yaani bibi, na mtu akimaliza muhula bila kupewa jina na Shosh, alijiona kama hajafika shuleni.

Basi mwezi wa sita akaletwa msichana mgeni, Chepkorir, kidato cha tatu. Mama yake alikuwa amekufa huko Moiben, na shangazi yake Cherono akamchukua waishi mtaa wa Munyaka. Alikuja na sweta ya shule ingine na mdomo uliofungwa. Siku ya ugali alisimama kwenye foleni, akanyoosha sahani, akauliza polepole, "Kogo, kuna ule wa chini?"

Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Na ule wa chini ni ukoko, ugali uliokauka ukashika sufuria. Huo Maximilla hujiwekea mwenyewe. Hata mwalimu mkuu hajawahi kuuonja. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Eh! Huyu mtoto anajua chakula! Basi wewe ni Ukoko wangu. Ukoko, leta sahani!"

Aliita kwa nguvu, na foleni nzima ikasikia.

Kwa Maximilla hilo lilikuwa jina la mapenzi. Kwa kidato cha tatu lilikuwa kitu kingine.

"Ukoko si ni ile kitu huungua inabaki chini?"

"Na hutolewa aje?"

"Unakwangua, buda!"

Tangu siku hiyo, Chepkorir akikaa, darasa lilikwangua. Rula kwa dawati, kijiko kwa sahani, kwaru, kwaru, kwaru. Mwalimu akigeuka, kimya. Aliyeongoza ni Diana, ndiye yule Redio. Walikwangua wiki saba. Chepkorir akahamia kula nyuma ya stoo ya kuni, halafu akaacha kula, halafu akaacha kuja.

Mwalimu Jackson, yule wa ushauri, ndiye alileta habari jikoni. "Mama Maximilla, yule msichana wa Munyaka wiki ya pili hii hajaonekana. Shangazi anasema Jumatatu anampeleka Nakuru afanye kazi ya nyumba. Akienda huyo, hatarudi shule tena."

"Maskini. Amepatwa na nini?"

"Ni jina."

"Jina gani?"

"Lile ulimpa."

Maximilla aliweka mwiko chini. "Mwalimu, usiniletee maneno. Nimewapa watoto majina kabla wewe uote ndevu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Basi."

Hawa wawili walikuwa na kesi ya zamani. Mwanzo wa mwaka Jackson aliomba watoto wawe wakila mezani, wanane wanane, wakubwa na wadogo wamechanganywa, kila meza ijione kama nyumba moja, mmoja akikosa wale saba waulize yuko wapi. Maximilla alikataa katakata. Foleni yake haiguswi. "Mimi napikia shule," alisema, "sipikii harusi."

Lakini mchana huo akaanza kukwangua sufuria kama kila siku ya ugali, na watoto waliokuwa wanapita nje wakaitikia papo hapo, bila hata kumwona, "Ukokoo! Ukoko anatolewa!" Wakacheka wakaenda. Mkono wa Maximilla ukasimama. Sauti hiyo alikuwa ameitoa kila siku ya ugali wiki saba, na yule mtoto alikuwa amekaa nyuma ya stoo, ukuta mmoja tu katikati.

Jioni alipanda boda boda mpaka Munyaka. Alimkuta Chepkorir anafua.

"Nimekuja kukuambia halikuwa jina la kukutukana."

"Najua, Kogo." Msichana hakuinua macho. "Nililipenda. Siku ile nilimwambia shangazi, nimepewa jina shuleni. Halafu wakalichukua."

"Nitawanyang'anya. Wewe rudi tu."

"Nikirudi nitakula na nani?"

Sahani zote Maximilla alizopakua miaka ishirini na mbili, hakuwahi kuuliza zikitoka dirishani zinaenda wapi.

Cherono alitokea mlangoni. "Mama, kwa heshima yote, usimsumbue. Huyu analala ameziba masikio na mikono. Wa kwako akilala hivyo, ungengoja nini?"

"Nipe wiki moja."

"Ya kufanya nini?"

"Sijui," Maximilla akasema, na neno hilo hakuwahi kumwambia mtu mdogo kwake.

Cherono alimtazama sana. "Wiki moja, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikimwona ameziba masikio tena, Nakuru."

Asubuhi Maximilla alimngojea Jackson getini. "Leta hizo meza zako."

"Meza peke yake hazitoshi, Mama. Lazima watoto wenyewe..."

"Leta!"

Akaomba pia kusema kwa paredi. Alisimama mbele ya shule nzima na aproni yake. "Lile jina nililitoa mimi, na leo nimelirudisha kwangu. Atakayelitaja hatakula kwa mkono wangu!" Halafu kutoka nyuma, rula kwa kiatu, kwaru. Shule ikapasuka kwa kicheko. Maximilla hakuwa amechekwa na watoto maisha yake yote. Alirudi jikoni, akakaa juu ya gunia la maharagwe, moto ukazimika na hakuona.

Wakati wa chai alimwita Diana. Alikuwa amepanga kumgombeza, lakini sauti ilitoka ingine.

"Diana, nakuomba. Kaa meza moja na yeye."

"Shosh, si ni wewe ulimpa?"

"Ni mimi."

Diana alicheza na kifungo cha sweta. "Mwaka jana uliniita Redio. Unajua waliniambia nini? Zima hiyo. Nikijibu swali, zima hiyo. Nikicheka, zima hiyo. Mwaka mzima, Shosh. Akakuja huyo, wakaniacha. Nikikaa na yeye watarudi kwangu."

Maximilla alitafuta la kumdanganya, akakosa. "Watarudi," alisema. "Lakini mtakuwa wawili."

Diana alifunga kifungo, akatoka.

Jumatatu Cherono alimleta msichana mpaka getini. Saa ya chakula, Chepkorir akaonyeshwa meza ya sita. Diana alikuwa hapo, macho kwa sahani. Watoto wanane walikula kama watu wa matanga. Maximilla alitazama kutoka dirishani, akapakulia mtoto mmoja mara mbili na mwingine akampa sahani tupu.

Ndipo meza ya pili ikaanza. Kijiko. Kwaru.

Mikono ya Chepkorir ikapanda kuelekea masikioni. Maximilla alishika mwiko atoke akapige mtu. Jackson akatikisa kichwa: ngoja.

"Chepkorir," Diana akasema, kwa ile sauti yake inayofika kila mahali, "nipitishie chumvi."

"Redio imewaka!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka. Uso wa Diana uliiva, lakini mkono wake ulibaki umenyooshwa juu ya meza. Chepkorir akapitisha chumvi. Kijiko kikakwangua tena, halafu tena. Hakuna aliyekinyamazisha. Kililia mpaka kengele.

Chepkorir alirudisha sahani mwenyewe. Nusu ya chakula ilikuwa bado.

"Kesho utakuja?" Maximilla aliuliza.

"Kesho ni nini?"

"Githeri."

"Diana anasema hali maharagwe. Anataka tubadilishane, nimpe mahindi yangu anipe maharagwe yake."

"Kwa hivyo utakuja."

Msichana alitazama meza ya pili, ambapo vijana wawili walikuwa bado wanacheka. "Tutaona, Kogo."

Akaenda. Maximilla alihesabu kwa vidole mpaka Ijumaa, siku nne. Kisha akavuta gunia, akamwaga maharagwe kwenye ungo, akaanza kuchagua mawe.