Wake Wenza na Kitabu cha Krismasi

Masuku, yale matunda ya porini, yakiiva, nyumba nzima hujua. Harufu yake tamu na nzito hupenya chini ya mlango wa stoo na kukufuata mpaka kitandani. Kwetu Bombambili harufu hiyo ilitangaza Desemba: mvua zimeshika, mahindi yanasubiri palizi, shule zimefungwa. Kwangu ilimaanisha pia kwamba Bibi, mama yake baba, alikuwa na alasiri nyingi za mvua za kusomewa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, nami ndiye niliyekuwa msomaji wake. Nilimsomea chochote kilichopatikana, hata magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na Kiswahili kikiwa kigumu nilimgeuzia kwa Kingoni. Aliniita "mke mwenzangu", kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike kwamba wanagombania mume mmoja, yaani babu. Babu alikwisha fariki, na mimi niliamini uke wenza ule ni wangu peke yangu.

Mwaka ule nikiwa darasa la tano, Stella, binti wa baba mkubwa, alikuja kutoka Dar es Salaam kula Krismasi nasi. Alikuja na riwaya mkononi. Ndani yake familia inakusanyika kwa mama yao mjane kusherehekea Krismasi, na usiku wa mkesha pete ya ndoa ya yule mama inapotea. Stella alimsomea Bibi sura ya kwanza akibadilisha sauti kwa kila mhusika, na Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mke mwenzangu atakuja kuniua!" alisema. Mimi nilikuwa palepale mlangoni, napepeta mchele. Jina langu, mbele yangu! Kwa wivu nilipepeta mpaka mchele ukamwagika.

Haukupita muda, nyumba nzima ikawa inasikiliza, na kila mtu akawa na lake. Baba alisema mwandishi hana ujanja, mwizi anajulikana tangu mwanzo, ni yule kaka mkubwa anayejifanya mcha Mungu sana. Mama alikichukia kitabu chote. "Watu wazima wanapekuana mabegi Krismasi? Hiyo familia au polisi?" Bibi alikipenda, ila pete haikumshughulisha. "Watoto wamefika kwa mama yao, hata shikamoo hakuna, wanaongelea magari tu. Na yule mkwe anapika tangu asubuhi, nani amempa pole?" Nilipoulizwa mimi, nilisema kitabu ni kibaya. Ubaya wake ulikuwa kwamba kimeletwa na Stella. Yeye akaniuliza kwa upole kibaya wapi, na upole wake ukaniudhi zaidi.

Ikabaki sura ya mwisho. Bibi aliagiza isomwe Krismasi yenyewe, baada ya misa na pilau. Niliitaka sura ile kuliko gauni jipya. Shambani nilipalilia huku nikijifunza sauti za wahusika, ya kaka mkubwa nzito, ya mkwe nyembamba. Siku ilipofika nilinawa mikono, nikaketi kwenye kigoda karibu na magoti ya Bibi, nikanyoosha mkono kupokea kitabu. Bibi alinipapasa kichwa, akanitambua kwa nywele. "Mpishe Stella asome," alisema. "Wewe ninaye mwaka mzima." Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Nilisikia vicheko, kisha Baba akipiga kelele kwamba haiwezekani.

Siku hizi binti zangu wana riwaya kwenye simu, kila mmoja na yake, na hakuna anayegombania wa kumsomea. Bibi alifariki nikiwa sekondari, bado nikiwa msomaji wake. Krismasi iliyopita Stella alikuja kwangu, na tukiwa jikoni nikamuuliza Bibi alisema nini sura ile ilipoisha. Akacheka. "Mwizi alikuwa yule mkwe. Bibi akasema, wangempa pole asingeiba." Nikamwambia wazi kwamba kwa jioni ile bado namwonea wivu. Stella aliacha kukata vitunguu. "Jioni moja tu, mdogo wangu," alisema. "Zilizobaki zote ulichukua wewe, na mimi wivu wangu haujaisha." Aliyeiba pete tunamjua. Nani kati yetu alipunjwa, tulibishana mpaka wali ukaungua, na wa kutuamulia hayupo.