Mke Mwenza Ndani ya Kabati la Kioo

Seline alipoipeleka orutu ya marehemu mumewe kwenye makumbusho ya muziki, aliifunga kwa leso na kuibeba kwapani kama mtu anayempelekea mgeni kuku. Orutu ni ala ya uzi mmoja. Ina mzinga mdogo wa mti uliowambwa ngozi ya kenge, na mpigaji huukwaruza uzi kwa upinde uliopakwa utomvu mpaka ulie. Hiyo ya Owiti ililia kuliko nyingi. Mtu yeyote wa makamo kutoka Pap Onditi, huko Nyakach alikotoka Owiti, atakuambia hivyo bila kuulizwa.

Makumbusho yenyewe yamo katika ghala la zamani la pamba, si mbali na bandari ya Kisumu. Msimamizi wake, Bwana Wakhisi, ni mtu wa Bungoma aliyewahi kuwa mwalimu. Aliipokea ala ile kwa mikono miwili. Seline akamwambia kwamba ana sharti moja tu: isipigwe tena. Itazamwe, ipanguswe vumbi, watoto wa shule waonyeshwe, lakini mtu asiikwaruze. Wakhisi alikubali, wakapeana mikono, na orutu ikaingia ndani ya kabati la kioo.

Aliporudi kwenye meza yake sokoni Nyamasaria, ambako ameuza omena, dagaa wa ziwani, tangu ahame Nyakach, jirani yake Beldina alimuuliza amempeleka wapi mke mwenzake.

"Nimemfungia ndani ya kioo," Seline akajibu. "Sasa atazamwe na wageni huko, aniache nilale."

Wanawake wa soko walicheka, naye alicheka pamoja nao. Lakini neno hilo la mke mwenza hakulitunga siku hiyo. Alikuwa ameiita orutu hivyo miaka yote ya ndoa.

Seline alizaliwa Kano, na ndiyo sababu huko alikoolewa huitwa nyar Kano, binti wa Kano. Ni mwanamke mrefu, mwenye mifupa mikubwa na maneno machache. Owiti alikuwa mtu mdogo wa umbo, mchangamfu, aliyependwa na kila mtu aliyekuwa hamtegemei. Alipiga orutu kwenye harusi, kwenye matanga na popote palipokuwa na watu wa kuketi. Na katika muziki wa aina hiyo kuna desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji akitaka kusema, hutia sarafu kwenye sinia, muziki husimama, naye hujisifu au humsifu ampendaye mbele ya watu wote. Akimaliza, mpigaji huanza tena na kulitia jina lile ndani ya wimbo.

Sioni ubaya wa desturi hiyo. Mtu anayelima mwaka mzima bila kutajwa na yeyote ana haki ya kusikia jina lake likiimbwa mara moja. Ubaya uliingia pale wasikilizaji walipoanza kumtuza Owiti kwa chupa badala ya sarafu. Mpigaji hakatai zawadi ya msikilizaji, kwani kukataa ni kumtukana. Basi Owiti hakukataa. Alisifu wenye maduka, alisifu madereva wa malori, alisifu wake za watu kwa majina matamu ambayo wake hao hawakuwahi kuyasikia nyumbani kwao. Mkewe hakumtaja hata siku moja. Jina huimbwa la yule aliyesimamisha muziki, na Seline hakuwahi kuketi pale. Kazi yake ilianza wimbo ulipokwisha. Alikwenda kwa mama pima, muuza pombe ya magendo, alikokuwa mumewe akimalizia chang'aa, akamwinua, akamtia mgongoni kama mtoto na kumbeba mpaka nyumbani. Orutu aliishika mkononi, kwa sababu Owiti alilia kama mtoto ikiachwa nyuma.

Ini lilipomshinda Owiti, mwana wao Griffin alikuwa angali shule ya msingi. Seline alimlea kwa omena na kwa kanisa. Kijana alipomaliza shule alijifunza kuchomelea vyuma, akapata karakana mtaani Obunga. Mama yake alitulia. Aliamini amemtoa mtoto kwenye njia ya baba yake, na kwamba njia yenyewe ameifungia kwa kufuli huko mjini.

Hapo ndipo alipokosea, na si yeye peke yake. Wazazi wengi wa kwetu huificha ala na kuiacha chupa itembee barabarani. Ulevi haukai ndani ya ngozi ya kenge.

Makumbusho yalipoanza kuandaa maonyesho kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yalihitaji jukwaa na vishikizo vya chuma. Fundi aliyeitwa kutoka Obunga alikuwa Griffin. Aliingia na mashine yake, akapita mbele ya kabati, akasoma jina la baba yake kwenye kadi. Alimaliza kuchomelea siku ile ile, lakini aliendelea kurudi. Wakhisi alikuwa na orutu nyingine ya kufundishia, na mzee mmoja aliyefundisha vijana Jumapili mchana. Griffin alimwambia mama yake kwamba Jumapili ana kazi ya mageti. Ulikuwa uongo, na uongo hauwi mwema kwa sababu umesemwa ili mama asihuzunike.

Ulifichuka mezani. Griffin alinyoosha mkono kumega ugali, na Seline akaona kwenye vidole vya mkono wake wa kushoto mstari mwembamba ulioingia ndani ya ngozi. Moto wa kuchomelea hauachi alama kama hiyo. Alikuwa ameiona alama ile kwenye vidole vya mtu mwingine kwa miaka mingi, alipokuwa akimvua viatu.

Aliweka bakuli chini, akamuuliza ni nani anayemfundisha.

Griffin hakukana. "Mathe, ningekuambia ungelala njaa siku tatu," alisema. "Mimi sinywi. Napiga tu."

"Baba yako pia alianza kwa kupiga tu."

Kwa majuma kadhaa hawakulizungumza jambo hilo, ila Griffin aliacha kutaja mageti. Jumapili alisema wazi anakokwenda, na mama yake akaendelea kuchambua omena.

Kisha Wakhisi akaja sokoni mwenyewe. Alisimama mbele ya meza ya omena, akaeleza kwamba kijana atapiga kwenye onyesho la mwezi huo, na watu wengi wa Nyakach watakuja kwa sababu ya jina la baba yake. Aliomba sharti lilegezwe, kijana apige orutu ya Owiti yenyewe.

"Uliniahidi," Seline alimwambia.

"Niliahidi, Mama Griffin. Ndiyo maana nimekuja kuomba. Ufunguo wa kabati ninao."

"Basi umeomba. Jibu ni hapana."

Wakhisi alinunua omena, akashukuru, akaenda zake. Namsifu kwa hilo. Ahadi ile haikuwa na shahidi wala karatasi, na mtu mwingine angelifungua kabati siku ya onyesho na kuomba radhi baadaye.

Beldina, aliyesikia yote, alimuuliza Seline iwapo Jumamosi atakwenda au atatuma omena imwakilishe. Seline alijibu kwamba hana shughuli na ngoma. Jumamosi ilipofika alifunika meza mapema, akavaa rinda lake la kanisa, akaenda. Hakwenda kusikiliza. Alikwenda kuona ni nani atakayempa mtoto wake kitu cha kunywa, na mtoto atafanya nini.

Viti vilipangwa uani, kivulini mwa paa la ghala, na vilijaa alasiri ile. Seline aliketi nyuma. Griffin alikaa kwenye kigoda jukwaani na orutu ya kufundishia, kando yake mpiga ngoma, na mbele yao sinia. Wakhisi alikuwa ametangaza kwamba pakruok inaruhusiwa, kwa kuwa orutu bila pakruok ni kama mahubiri bila amina. Kinywaji pekee kilichouzwa uani kilikuwa soda.

Kijana alianza kwa woga, upinde ukateleza, kisha mkono ukakubali. Seline aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa sauti ile kutoka mkononi mwa mwingine.

Katikati ya wimbo wa pili mzee mmoja alijikokota mpaka mbele, akatia sarafu, akainua fimbo. Muziki ukasimama. Alikuwa Tom, seremala wa Pap Onditi, rafiki wa Owiti wa siku zote, ambaye koti lake Seline alilijua kabla hajageuka.

"Mimi ni Tom," alisema, "ng'ombe wa Nyakach asiyejua kamba. Mimi ndiye niliyeketi mkono wa kulia wa Owiti. Nilidhani Owiti tulimzika. Kumbe alikwenda tu kubadilisha shati."

Watu walicheka na kupiga makofi. Tom akatoa ndani ya koti chupa ya soda, akaiweka miguuni pa Griffin. Walioketi mbele walinusa, wakajua kwamba iliyokuwa ndani si soda.

"Mkono wa baba yako haukukauka," Tom akamalizia. "Wako nao usikauke."

Tom hakuwa na nia mbaya. Alimpenda Owiti, na hivyo ndivyo alivyojua kupenda. Lakini watu wasio na nia mbaya wamezika wengi.

Griffin hakuigusa chupa, wala hakuirudisha. Alifanya lililompasa, akapiga na kuimba jina la Tom, ng'ombe asiyejua kamba. Ila macho yake hayakutoka kwenye chupa, na kutoka nyuma mama yake aliijua shida yake. Mzee amekuheshimu mbele ya watu, kwa jina la marehemu baba yako. Ukimrudishia, umemvua nguo. Ukinywa, umeanza.

Seline alisimama. Alifungua fundo kwenye pindo la leso, akapita katikati ya viti, akatia sarafu kwenye sinia. Griffin aliujua ule mkono kabla hajainua uso. Upinde ukasimama.

Mwanamke huyu hakuwahi kujisifu maishani mwake. Kanisani hata ushuhuda hutoa akiwa ameketi. Alishika leso kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kutaja bei:

"Mimi ni Seline nyar Kano. Mnamkumbuka Owiti akiimba. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akitoka kuwasifu wake zenu. Nilimbeba yeye, nikabeba na orutu yake. Nina mgongo wa punda wa Kano. Na huyu aliyeketi hapa ni mtoto wangu, na simbebi."

Tom hakuwa amerudi kitini.

"Nyar Kano," alisema polepole, "marehemu asitukanwe mbele ya mwanawe."

"Simtukani, Tom. Nilimbeba. Wewe ulimbeba lini?"

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wanawake wote wa upande wa kushoto, na kicheko kikazunguka ua mzima. Tom alitazama fimbo yake.

Griffin aliweka orutu magotini, akainama, akaichukua chupa na kumpa mzee kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Jaduong', mzee wangu, asante," alimwambia. "Jina lako nimeliimba. Hii rudi nayo."

Tom aliipokea, akaitia ndani ya koti. Kijana akaweka upinde kwenye uzi na kuimba alivyopaswa kuimba, kwa sababu sarafu ya mama yake ilikuwa siniani sawa na ya mtu mwingine yeyote. Aliimba nyar Kano, mgongo wa punda, mbeba mwimbaji. Aliliimba jina hilo kwa muda mrefu kuliko desturi inavyodai, na waliokuwapo waliitikia. Seline alirudi nyuma, akaketi, akajifunika mdomo kwa leso mpaka wimbo ukaisha.

Jumatatu yake alikwenda kwa Wakhisi kabla ya soko. Alisema orutu ya Owiti inaweza kupigwa, na Griffin tu, hapo uani tu, na mpigaji atapewa chai. Ikimaliza kupigwa irudi kabatini. Nyumbani kwake haitalala. Wakhisi alitaka kuandika masharti hayo. Seline alikataa, akasema mara ya kwanza walipeana mikono na ahadi ikadumu, hivyo wapeane tena.

Siku ilipotolewa nilikuwapo. Ngozi ilikuwa imelegea kwa kukaa ndani ya kioo, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Griffin aliipeleka juani katikati ya ua ili ngozi ikaze. Mama yake, aliyekuja na chupa kubwa ya chai na vikombe, alimwambia aisogeze karibu na ukuta, penye jua dogo, isije ikapasuka. Alijua. Alikuwa ameikausha mara nyingi asubuhi, wakati mwenyewe amelala.

Alasiri hiyo iliimba vizuri. Tom alikuja, akaketi safu ya mbele, akanywa chai mara mbili bila kuambiwa. Watu walipoanza kutawanyika nilimuuliza Seline anaonaje upigaji wa mwanawe. Alikuwa akikusanya vikombe, na hakuacha.

"Baba yake alipiga vizuri zaidi," alisema. "Lakini huyu anarudi nyumbani kwa miguu yake."