Justa na Jina la Kaka Yake

Kijiji chao kilipochomwa, Justa alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na watoto wawili na furushi moja la nguo, akafika Mchinga kwa shangazi yake Theresia, aliyeolewa huko zamani. Theresia hakuuliza mengi. Alihamisha vyombo kutoka chumba cha uani, akatandika mkeka, akawaambia waingie. Mume wa Justa, Benjamini, alifuata baadaye, akapata kazi ya kukwea minazi ya watu. Justa akawa anakaanga mihogo na kuiuza pale zinaposimama Hiace za Lindi. Wateja walimzoea upesi, maana hakuwa mchoyo wa pilipili.

Walikuwa wameshazoea maisha hayo, ndipo alipokuja Debora, mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Alieleza shughuli yake bila kuficha. Walikuwa timu ya vyuo vitatu, kimoja cha Tanzania, kimoja cha Msumbiji na kimoja cha Norwei, wakishirikiana na mashirika yanayohudumia wakimbizi. Walitaka kujua waliokimbia vita wanaishije wanapopokelewa na ndugu zao badala ya kwenda kambini. Atakayekubali angerekodiwa, jina lake lingebadilishwa, na siku yoyote akighairi, sauti yake ingefutwa.

Justa akakubali. Alianza kwa Kiswahili, lakini alipofikia siku ya kukimbia, Kiswahili chenyewe kikamkimbia, akamalizia kwa Kimakonde. Debora hakujua Kimakonde, ila aliiacha simu iendelee kurekodi. Siku hiyo Justa alijisikia mwepesi.

Hofu ilimjia wiki kadhaa baadaye, akimenya mihogo. Kaka yake Ignasi hakukimbia. Alibaki kule, akiwavusha watu mto kwa mtumbwi wake kwa siri, na wenye silaha walikuwa wakimsaka anayefanya kazi hiyo. Na yeye Justa, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa amemtaja: jina, kijiji, hata mahali anapouficha mtumbwi.

Akaacha kisu, akamwendea Theresia.

"Shangazi, nimemuuza kaka yangu."

"Umemuuza kwa nani?"

"Kwa yule binti wa Dar. Sauti yangu saa hizi imeshafika Ulaya."

Theresia hakumbembeleza. "Mpigie simu. Alisema ukighairi anafuta. Tumwone basi kama anatimiza ahadi."

Debora alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada Justa, sitakudanganya. Sauti nilishaituma kwa wenzangu. Na kesho kutwa tuna mkutano Lindi, mashirika yote yatakuwepo, tutawasomea tuliyoyapata. Niache niongee nao sasa hivi."

Mchana ule Justa aliunguza mihogo mara mbili. Benjamini aliporudi kutoka minazini alimkuta amejiinamia jikoni.

"Na kama wameshayasoma huko?" Justa aliuliza.

"Tutampelekea Ignasi habari ahame."

"Tumtume nani?"

Benjamini alichota maji, akanawa uso, akakaa karibu naye.

Jua lilipokuwa linazama simu ikaita, namba ya Msumbiji. Sauti ya mwanaume ikamsalimu kwa Kimakonde, lafudhi ya kwao kabisa.

"Mimi naitwa Anselmo, nafundisha chuo cha huku. Mimi ndiye niliyepewa sauti yako niitafsiri."

Justa akamwita shangazi yake kwa sauti kubwa.

"Tulia, dada. Nilipofika mahali pa kaka yako nilisimama. Mimi mzaliwa wa upande huo, najua jambo hilo lina maana gani. Kipande hicho nilikikata kabla sijatafsiri neno. Norwei walipata sauti kutoka kwangu, tayari imekatwa, kwa hiyo hawajakisikia. Hata Debora sikumweleza, maana kumweleza kungenilazimu kukitaja."

"Hakuna aliyesikia?"

"Mimi tu. Na kwangu nimekifuta."

Justa akaishusha simu mapajani. Alilia, akacheka, akalia tena, mpaka watoto wakaja kumchungulia. Theresia aliichukua simu akamshukuru Anselmo yeye mwenyewe, akamwombea kwa Mungu kwa muda mrefu kiasi kwamba Benjamini alihofia salio la mgeni litaisha.

Kilichobaki ni sauti ile ya kwanza, iliyokuwa kwa Debora. Kesho yake alishuka Mchinga akielekea Lindi.

"Shikamoo mama," alimwamkia Theresia.

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Debora akaifuta sauti ile mbele ya Justa, akamwonyesha kwamba haipo tena. "Tumekubaliana vyuo vyote vitatu," alisema. "Kuanzia sasa, sauti yoyote yenye lugha nisiyoijua haitoki kwangu kabla Anselmo hajaisikiliza nami. Na hayo mengine, dada, ukitaka nayo yafutwe, mpaka Norwei wanafuta leo."

Justa alitikisa kichwa.

"Mengine yabaki. Waambie hao wa mkutanoni habari ya shangazi na chumba cha uani. Watu wanasema wakimbizi wanahudumiwa na mashirika. Sisi tumehudumiwa na mama huyu na kunde zake."

"Nami jina langu wasilibadilishe," Theresia akadakia. "Kwani nimeiba?"

Debora alicheka, lakini akamweleza kwamba jina la shangazi lingemfichua na Justa. Theresia akanuna kidogo, kisha akakubali.

Wakaleta ugali, kunde na samaki wa kukaanga. Justa, ambaye tangu jana alikuwa hajameza tonge, alikula, akaongeza, akaongeza tena. Alipomaliza aliegemea ukuta wa uani na kunyoosha miguu. Benjamini alipomwuliza kama leo hatakwenda kuuza mihogo, alikuwa amekwisha kulala.